Mtini wa Jirani

Visiwa vyetu vina kaskazi na masika, kipupwe na vuli, na kila jina katika hayo lina upepo wake na mvua yake. Jina tusilokuwa nalo ni la yale majira ambayo watu wa Ulaya huyangojea kama sisi tunavyoungojea mwezi wa Idi. Wafasiri wetu wameyaundia jina, "majira ya machipuko", na jina hilo si baya, ila ni la kitabuni. Mimi nililisoma skuli, Unguja. Maana yake nilikuja kuipata London, katika ua wa nyuma wa nyumba ya jirani, mwaka 2009, na ilinikuta nimeshautumia msumeno.

Jirani huyo alikuwa bibi wa Kiingereza aliyepindukia miaka themanini, mjane. Baina yetu palikuwa na ukuta wa matofali tu. Mwezi wa Januari alianguka, akavunjika nyonga, akalazwa hospitali. Aliniachia ufunguo niwe nikimwokotea barua na kumwagilia maua yake ya ndani. Bustani hakuitaja. Lakini theluji kubwa ya tarehe 2 Februari, ile iliyosimamisha mabasi ya mji mzima, ilipoyeyuka, niliiona bustani yake kutoka dirishani kwangu: vijiti, matope na majani yaliyooza. Nikasema nafsini mwangu, bibi wa watu atarudi anachechemea, aikute nyumba yake imekaa kama gofu? Nikaazimia kumtendea wema.

Nilifagia, nikapogoa, nikachoma. Mwisho nikaufikia mti uliokuwa umeegemezwa kwenye ukuta unaopokea jua la kusini: mtini, wa kijivu, mtupu kama mfupa. Tini nilizijua tangu utotoni, zile kavu zinazoletwa sokoni karibu na Ramadhani. Mti wake wakati wa baridi sikupata kuuona. Niliuhukumu kuwa umekufa, nikaukata mpaka chini.

Hapa inanipasa niseme kweli, kwa kuwa jambo lote limo ndani ya kweli hii ndogo. Unga ulioanguka kutoka kwenye msumeno haukuwa mkavu. Ulikuwa mbichi, ukinata vidoleni. Mkono ulijua kabla ya akili, ukasita. Kisha nikaendelea, maana nilikuwa nimeshafika nusu, na kazi iliyofika nusu humsukuma mtu aimalize hata ikiwa ni kazi ya uharibifu.

Bibi alirudi mwezi wa Machi. Alisimama mlangoni na gongo lake, akautazama ukuta mtupu kwa muda. "Ulikuwa umelala tu," akasema, akageuka ndani. Binti yake ndiye aliyenieleza baadaye kwamba mti ule ulipandwa na marehemu mumewe, mwaka waliohamia nyumba hiyo.

Siku zilizofuata sikuwa mtazamaji wa machipuko. Nilikuwa mshitakiwa, na kila mmea ulikuja kutoa ushahidi wake. Vile vijiua vyeupe vinavyoinamisha vichwa vilikuwa vimeshapita. Zikaja nargisi za manjano katika udongo ambao niliudhani hauna kitu. Miwaridi niliyoipogoa bila ya kujua ikatoa vijani vyekundu. Mti wa matufaha wa nyumba ya tatu ukafunikwa na maua kabla majani yake hayajatimia. Kwa haya na uchungu nilianza kusoma, nikajifunza mambo ambayo mtoto wa huko huyapata bila ya kufundishwa. Nilijifunza kuwa macho ya mti yanayofunguka mwezi wa Aprili huumbwa tangu kiangazi kilichotangulia, na kwamba jani linapoanguka, pale lilipokuwa limeshika pameshaachwa jicho lililofungwa. Nilijifunza kuwa mtufaha usipopata baridi ya kutosha hauchanui vyema, yaani ile baridi niliyokuwa nikiilaani usiku na mchana, mti ulikuwa ukiihesabu kama mtu anavyohesabu akiba. Na nilijifunza kuwa ukitaka kujua kama tawi ni hai, ulikwaruze gome lake kwa ukucha utazame kama chini yake pana kijani. Ukucha mmoja! Mimi nilikwenda na msumeno.

Marafiki zangu wa nyumbani waliponisikiliza walinipa udhuru wa ugeni: wewe umetoka kwenye nchi isiyojua miti kuvua majani, ungejuaje? Niliupokea udhuru huo kwa furaha kwa muda wa siku mbili hivi. Halafu nikaukumbuka mbuyu. Mbuyu husimama mtupu miezi kadhaa ya ukame, na msufi nao hupukutika, na mkungu hugeuza majani yake mekundu kabla ya kuyaangusha uani. Sijapata kumwona mtu wa Unguja akiutolea mbuyu hukumu ya kifo kwa sababu hauna majani. (Pengine heshima hiyo ni ya kuwaogopa wanaosemwa kukaa ndani yake, lakini ni heshima vivyo hivyo.) Basi elimu nilikuwa nayo. Niliiacha nyumbani pamoja na kanzu zangu, kana kwamba miti ya Wazungu ni viumbe wa aina nyingine.

Mwishoni mwa Mei bibi aliniita kupitia juu ya ukuta. Kwenye kisiki palikuwa na chipukizi tano, nene, za kijani kibichi. Mtini ukikatwa mizizi ikasalimika, aghalabu huchipua tena. Bibi alicheka, akanipiga bega, akaniambia yamekwisha, mti umenisamehe na yeye amenisamehe.

Je, yalikuwa yamekwisha? Hilo ndilo swali nililobaki nalo. Kama mti usingechipua ningekuwa mharibifu. Umechipua, nimekuwa jirani mwenye pupa, kichekesho cha kusimuliwa. Nilichokitenda mimi mwezi wa Februari ni kile kile. Kilichotofautisha ni mizizi, nami sikuwa na mkono katika mizizi. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, walilijadili tatizo hili kwa jina la bahati katika maadili. Williams alileta mfano wa dereva wa lori anayemgonga mtoto bila ya kosa lake: sisi sote tutamliwaza, lakini tutamshangaa akiliwazika upesi mno.

Mafakihi wetu walikuwa wameshaigawa nukta hii kwa makini zaidi, naona. Mti si mtu, najua, lakini mgawanyo wao unanisaidia. Aliyeua kwa kukosea hahesabiwi kuwa ameua kwa kusudi. Hata hivyo mambo mawili humwangukia. La kwanza ni dia, nayo ni haki ya wafiwa, wakitaka huisamehe. La pili ni kafara, na hiyo wafiwa hawawezi kuisamehe, kwa sababu si yao. Bibi alinisamehe dia, tena kwa kicheko. Nilikosea nilipodhani kuwa amenisamehe vyote viwili.

Maana kuna jambo jingine nililolijua baadaye. Tini zinazoiva Uingereza mwezi wa Agosti hukaa juu ya ncha za matawi majira yote ya baridi, ndogo kama punje za pilipili manga. Siku ile ya msumeno zilikuwapo, nami nilizichoma pamoja na takataka. Mti ulirudi, mavuno ya mwaka ule hayakurudi, wala ya mwaka wa pili, kwani chipukizi changa zilikuwa bado zinajenga mbao. Bibi alifariki katika vuli ya 2010. Kila kiangazi tangu afiwe na mumewe alikuwa akichuma tini za mti wake. Vile viwili vya mwisho, kwa sababu yangu, hakuchuma.

Nyumba ikauzwa. Mwezi wa Agosti 2013 mama wa familia mpya alibisha mlangoni kwangu na bakuli la tini, akasema mti umezaa kupita kiasi, watoto hawazimalizi, na je, sisi kwetu tunazila? Nikamwambia tunazila. Nilikula tatu nimesimama pale pale mlangoni, na za nne na tano nikaziweka mpaka jioni. Aliniuliza kama ninajua nani aliyeupanda mti ule, nikamwambia. Hakuniuliza kwa nini umeota mashina matano badala ya moja.