Mchi Bila Kinu

Wanasema ukitaka kujua mtu anathamini nini, mwangalie anapofungasha safari ndefu. Mimi nimeanza kulitilia shaka neno hilo. Nadhani kufungasha kunaonyesha jambo zito zaidi ya thamani: kunaonyesha mtu ana mgongo wa nani wa kubebea mizigo yake, na ana nani wa kumwachia kile kisichobebeka.

Mimi ni wa Katubuka, Kigoma mjini, na huku kwetu habari za mizigo haziishi. Hakuna anayeondoka Kigoma na mzigo wake peke yake. Ukitangaza asubuhi kwamba unakwenda Dar es Salaam, ikifika jioni umeshaletewa dumu la mawese la shangazi wa jirani, mfuko wa dagaa wa mtu wa Mwandiga, na migebuka mikavu ya mtu usiyemjua, ila anamjua mama yako. Na ukirudi, vivyo hivyo. Kwa hiyo swali la nini uchukue na nini uache halijawahi kuwa, kwetu, swali la mtu mmoja.

Ninalo swali hilo mkononi sasa. Mwezi wa tisa natakiwa kwenda nje ya nchi kumalizia utafiti wa shahada yangu ya uzamili, mwaka mmoja na nusu, na tiketi inaniruhusu begi moja la kilo 23. Marafiki wamenitumia orodha: sweta, dawa za kikohozi, pilipili, kanga mbili, vyeti na nakala zake. Orodha nzuri. Lakini hakuna hata moja inayosema lolote kuhusu bibi yangu, mzaa mama, anayekaribia miaka 80 na ambaye huenda nisimkute.

Mji wetu una uzoefu mrefu wa orodha. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ilimalizikia Ujiji. Burton na Speke walifika hapo Februari 1858, wakifuata njia ambayo wafanyabiashara wa pwani na Wanyamwezi walikwisha kuizoea. Msafara ulibeba merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba, baruti, mahema, dawa. Mpagazi mmoja alichukua takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kichwani au begani, kwa miezi. Mwaka 1874 Stanley alitoka pwani na mashua nzima, Lady Alice, iliyokatwa vipande vipande ili watu waibebe mpaka Ziwa Victoria, na baadaye hadi Tanganyika.

Ukisoma orodha hizo unaona mara moja kwa nini zilikuwa ndefu. Aliyeziandika siye aliyezibeba. Waswahili walishalisema hilo: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Swali la "je, ninakihitaji?" lina jibu jepesi sana pale bega linapokuwa la mtu mwingine. Hata mashua inaonekana ni kitu cha lazima.

Basi mtu anaweza kusema: dawa yake ni kusafiri mwepesi. Kuna hekima ya zamani inayosifu hivyo. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, katika mojawapo ya barua zake kwa Lucilius anasimulia kwa furaha safari aliyoifanya na rafiki yake bila makuu yoyote: hawakuwa na vitu ila walivyovaa, na watumwa wachache tu, wa kutosha gari moja. Nilipoisoma barua hiyo darasani nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Seneca alikuwa mkweli. Kwa hesabu yake, alikuwa mwepesi. Watumwa hawakuwa kwenye hesabu ya mizigo, wala hawakuwa kwenye hesabu ya wasafiri.

Hapo ndipo ninapoona kosa la sifa za wepesi. Uzito haupotei kwa sababu wewe umeutua. Unahamia kwa mwingine. Mimi nikiondoka na begi moja, watu watasema, "Dada umesafiri vizuri, huna makorokoro." Lakini mama yangu ndiye atakayeamka usiku bibi anapokohoa. Mama ndiye atakayempeleka kliniki, ndiye atakayegombana na maji mvua zikija na kutuama mabondeni, ndiye atakayesimulia habari zilezile kila jioni kwa mtu anayezisahau. Kuacha nako ni kubebesha. Begi langu litakuwa jepesi kwa kiasi kilekile ambacho siku za mama zitakuwa zimeongezeka uzito.

Sisemi hivyo ili nisisafiri. Nasema ili hesabu iwe kamili.

Bibi mwenyewe ni msafiri. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, kijijini karibu na Baraka, upande wa Fizi. Mwaka 1965 vita ya Simba ilipowafikia, alivuka Tanganyika usiku kwa mtumbwi akiwa na mtoto mgongoni. Alikuwa na umri wa miaka 17 au 18. Hesabu hiyo huibadilisha. Alikuja na kanga aliyoivaa, mtoto, na mchi wa kutwangia. Kinu alikiacha.

Mchi huo upo mpaka leo nyumbani Katubuka. Umeshamaliza vinu vitatu vya hapa. Nilipokuwa mdogo nilijitungia maelezo yake: kwamba bibi alichukua mchi kwa sababu kinu ni kizito, na kwamba popote penye mti mtu anaweza kuchonga kinu, lakini mchi uliozoea mkono wako hauchongeki upya. Niliyapenda maelezo hayo. Niliyaandika hata kwenye insha ya shule.

Miaka michache iliyopita nilimuuliza.

"Bibi, kwa nini ulichukua mchi?"

"Mke mwenzangu," akasema, kwani ndivyo anavyoniita, "nilikuwa natwanga. Ndicho kilichokuwa mkononi."

Hakuna hekima aliyoikusudia. Alisikia bunduki, akamfunga mtoto, akakimbia. Makumi ya maelfu ya Warundi waliojaa Kagunga Mei 2015, kwenye ufukwe mwembamba kati ya milima na ziwa, wakisubiri kubebwa kwa mitumbwi hadi kwenye meli ya Liemba iwalete Kigoma, nao hawakuwa na orodha. Mtu anayekimbia hachagui kwa utulivu. Anayemhukumu kwa alichobeba anamwonea, na anayemsifu kwa alichobeba, kama nilivyofanya mimi utotoni, anamfanya pambo.

Lakini bibi hakuishia hapo. Alikaa kimya kidogo, akaniambia jambo ambalo mama naye hakuwahi kulisikia. Kijijini alimwacha mama yake mzazi, ambaye miguu ilikuwa imekwisha nguvu. Mtumbwi ulikuwa umeshajaa. Alimwambia, "Ijumaa nakuja kukuchukua." Ijumaa hiyo haikufika. Habari ya msiba ilivuka ziwa baada ya miaka miwili.

"Kumwacha niliachishwa," alisema. "Hilo Mungu analijua. Lakini nilimwachia kinu kisicho na mchi. Mihogo ilikuwepo, jirani alikuwepo. Angemtwangia na nini?"

Sijui kama jirani alipata mchi mwingine. Huenda alipata, mchi si kitu adimu kijijini. Bibi naye anajua hivyo. Linalomkaa moyoni ni kwamba alichochukua kilikuwa nusu ya kitu, na nusu iliyobaki haikufaa tena.

Tangu siku hiyo swali langu la kufungasha limegeuka. Siulizi tu, "Je, nakihitaji?" Nauliza, "Nikikichukua, ni kipi kinachobaki kikiwa hakifai tena?"

Mwaka huohuo wa 1965, ziwa hilohilo lilivukwa na watu waliokuwa na muda kidogo zaidi wa kuchagua. Che Guevara alikwenda Kongo akitokea Kigoma mwezi Aprili, na mwezi Novemba yeye na Wakuba wenzake wakarudi kwa njia ya ziwa baada ya kushindwa. Mashua hazikuwatosha wote. Wapiganaji wengi wa Kikongo waliokuwa wakiwaomba wawachukue waliachwa ufukweni, na yeye mwenyewe aliandika kuhusu fedheha ya usiku ule. Pengine hapakuwa na njia nyingine. Lakini yeyote aliyewahi kusimama kwenye gati la Kigoma anaelewa kwamba "mashua hazikutosha" ni sentensi ya kweli ambayo haimwondolei msemaji deni.

Je, kuna kuacha kuzuri? Nafikiri kupo, na ziwa letu lina mfano wake. Liemba yenyewe ilianza ikiwa mizigo. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kisha Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani walilazimika kuikimbia. Waliizamisha wenyewe ili adui asiitumie. Ila mafundi, kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo grisi nzito isije ikaliwa na kutu.

Mafundi hao bila shaka walitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Karibu karne moja baadaye ikawabeba watu wa Kagunga. Mimi sina sababu ya kulisifu jeshi la mkoloni, wala vita ile, iliyoua wapagazi wetu wengi mno. Lakini grisi ile inanifundisha kitu. Aliyeacha vizuri hakufaidika kwa kuacha vizuri. Alifaidika aliyekuja baadaye, ambaye hakumjua. Kuacha vizuri si njia ya kujihakikishia marejeo.

Wapo pia wale waliobeba kinyume na matarajio ya kila mtu. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Chuma na Susi na wenzao waliutoa moyo wake wakauzika chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo. Njiani, Tabora, Cameron aliwashauri wauzike hapo. Wakakataa. Mwili ukazikwa London, Westminster Abbey, Aprili 1874. Walimgawa: sehemu kwa ardhi aliyoifia, sehemu kwa watu waliokuwa wakimsubiri. Hawakuamua kwa wepesi wa mzigo. Waliamua kwa kuuliza nani anadai nini.

Sasa nirudi kwenye kilo zangu 23. Nikiuliza swali la bibi, vitu vingi vinakuwa rahisi. Sweta halimvunji mtu nikilichukua. Kanga kadhalika. Kinachovunjika nikiondoka si kitu, ni kazi ambazo zimeningoja mimi nikija likizo: mimi ndiye ninayesoma maandishi madogo kwenye chupa za dawa, ninayemtia bibi matone ya presho ya macho asubuhi na jioni, ninayejua daktari alisema nini mara ya mwisho. Mimi ni mchi wa kinu hicho. Nikiondoka nayo yote kichwani mwangu, namwachia mama nusu ya kitu.

Kwa hiyo kufungasha kwangu, mpaka sasa, kumekuwa zaidi kuacha kuliko kuweka. Mdogo wangu wa kiume ameshajifunza kutia matone bila kumchoma jicho. Bibi anamlalamikia kuwa mkono wake mzito, lakini anamvumilia. Majina ya dawa na saa zake nimeyaandika kwa herufi kubwa nikayabandika jikoni. Sehemu ya posho yangu tumekubaliana itakuwa ya dada wa kumsaidia mama siku tatu kwa wiki, kwa mshahara unaoeleweka, kwa sababu haitakuwa haki nimtue mama mzigo kwa kumtwika binti wa watu bure. Hiyo ndiyo grisi yangu. Najua haitoshi. Mama bado ataamka usiku.

Liko jambo moja nimeamua kutoliacha nyuma, nalo ni ahadi. Bibi akiniuliza lini narudi, simwambii "karibuni", wala "hutajua hata kama nimeondoka". Namwambia: mwaka mmoja na nusu, bibi, Mungu akipenda. Mara ya kwanza alihesabu kwa vidole, akasema ni mbali. Nikamwambia ndiyo, ni mbali. Hakuwa na furaha, lakini hakutulia kwa uongo, na mimi sitakaa ughaibuni nikiihesabu Ijumaa isiyokuwepo.

Mama alipendekeza niuchukue mchi uwe kumbukumbu. Begi lina nafasi, na huko hakuna wa kuniuliza. Nilikataa. Jumamosi hapa nyumbani panatwangwa sombe, na kinu kipo.