MASIKIO YETU YALISIKIA NINI WIKI HII?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Ndugu Waislamu wa Kindu, baba zangu na mama zangu,

Kila Alfajiri baada ya swala nafungua Radio Okapi. Tangu Februari 2002 inasema nasi kwa lugha tano, na Kiswahili chetu kimo. Usiku nasikiliza BBC. Redio zenye jina. Zikikosea, unajua wa kumuuliza.

Lakini wiki hii neno lililonikaa moyoni halikutoka redioni. Lilikuja katika simu: sauti ya mtu asiyejitaja, akisema mawese yanayotoka ng'ambo ya Lualaba yametiwa sumu. Nami, imamu wenu, Jumanne baada ya Isha niliwasikilizisha watu wanne hapa barazani. Sikuuliza kitu. Kesho yake mama mmoja, Mwislamu mwenzetu, alirudi kuvuka mto na bidoni zake zimejaa. Hakuna aliyenunua. Ilikuwa pesa ya shule ya watoto. Na waliokula mawese yale tangu Jumapili wote ni wazima, nimewauliza mwenyewe, kwa kuchelewa.

Sura al-Hujurat, aya ya 6, inaagiza habari ya mtu fasiki ipelelezwe kwanza. Wafasiri wengi wanasimulia kwamba ilishuka kwa ajili ya Walid bin Uqba. Alitumwa kuchukua zaka kwa Banu Mustaliq, akaogopa, akageuka njiani, akaja kusema wamekataa. Kidogo tu jeshi liwaendee watu wasio na kosa. Na huyo alikuwa mtu anayejulikana jina na ukoo! Yule wa simu, nani anamjua?

Tusisahau jirani zetu wa Rwanda. RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993. Mwaka 1994 ilikuwa ikitaja watu wa kuwindwa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili. Lakini redio haina mkono wa kushika panga. Walioshika ni waliosikia.

Wale wanne wa Jumanne, nawaomba mbaki baada ya swala. Yule mama nimemwita, yuko upande wa wanawake, bidoni zake ziko mlangoni. Nitamwomba msamaha mbele yenu. Bidoni ya kwanza nanunua mimi.

Wabillahi tawfiq.