Mtu Aliye Juu ya Nguzo

Ziko kazi za binadamu ambazo humfurahisha kabla hazijakwisha, na kujenga nyumba ni mojawapo. Katika Kianjokoma, juu ya miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, ambako mashamba ya chai hupanda mlima kuelekea msituni, nyumba mpya aghalabu husimama ubavuni mwa nyumba kuukuu. Wazee huendelea kukaa katika ile ya zamani, na kijana mwenye mshahara huinua yake kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na paa siku Mungu akipenda. Umeme wa kazi huvutwa kwa waya kutoka nyumba ya wazee. Usipokuwapo, jenereta hukodiwa. Ni chombo cha kubebwa na watu wawili, wala siri yake si kubwa: injini ya petroli huzungusha sumaku karibu na waya wa shaba, na mwendo huo huzaa umeme, jambo ambalo Michael Faraday alilivumbua Uingereza mwaka 1831. Kwa nguvu hiyo chuma hukatwa, madirisha huchomelewa na maji huvutwa.

Je, nguvu hii ni mali ya nani? Mjenzi atajibu upesi kwamba ni yake. Petroli kainunua, mashine kaikodi, kiwanja ni cha baba yake. Sina ugomvi na neno “yangu”, kwa maana pasipo neno hilo hapana ambaye angeamka alfajiri kuchuma chai. Nauliza tu mpaka wake uko wapi.

Kelele huvuka ua, lakini kelele ni adui mwaminifu. Jirani huisikia, hukasirika, huja mlangoni, na shauri huamuliwa. Nina hofu zaidi na madhara yasiyo na mlalamikaji.

Mwezi wa Julai ukungu hushuka na manyunyu hayakatiki. Mafundi huiingiza jenereta ndani ya nyumba isiyokwisha ili isilowe, na usiku huiacha humo ili isiibiwe. Pengine huachwa ikinguruma, imulikie vifaa na kumpa mlinzi mwanga. Moshi wake una gesi iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo ile ile iuayo watu waliolala na jiko la makaa chumbani, na habari za jiko hapana mtu wa nchi ya baridi asiyezijua. Matundu ya madirisha yasiyo na vioo hudanganya, kwa kuwa hayatoshi kuiondoa. Kibarua hushikwa na kichwa na kichefuchefu, akadhani ni njaa. Mwenye nyumba yuko Nairobi. Huletewa picha za kuta katika simu yake, na picha haionyeshi hewa.

Lakini kisa kigumu zaidi ni hiki. Mvua kubwa imenyesha, mkalitusi umeangukia waya za umeme, na siku tatu kijiji ki gizani. Jenereta ipo kiwanjani. Mtu mwerevu hutengeneza waya wenye meno pande zote mbili, upande mmoja akauchomeka katika jenereta, na wa pili katika tundu la umeme ukutani kwa wazee. Mara taa zote huwaka. Bibi hushangilia, na mwerevu yule husifiwa.

Asichokiona ni kwamba umeme haukukoma ukutani. Ikiwa swichi kuu haikuzimwa, hutoka kwa njia ile ile ulimozoea kuingilia, ukafika katika transfoma. Transfoma hupunguza volti 11,000 za njia kuu zikawa 240 za nyumbani; walakini chombo hiki hakichagui mbele wala nyuma. Kikisukumiwa volti 240 kutoka nyumbani, huzipandisha zikawa maelfu tena. Na huko mbele, labda kilima cha pili, yuko fundi aliyepanda nguzo kuunga waya uliokatika, akiamini kwamba umekufa.

Watetezi wa waya ule wana hoja mbili, na si za kipuuzi. Ya kwanza ni kwamba mashine ndogo hulemewa na mzigo wa nyumba za majirani ikazimika. Kweli, mara nyingi huwa hivyo. Lakini waya ukikatika karibu, majirani wakawa upande wa pili, mzigo huo haupo. Aliyefanya jambo hili mara kumi bila ya msiba hakuthibitisha kuwa ni salama. Amethibitisha kuwa alikuwa na bahati, naye huihesabu bahati yake kuwa ni maarifa. Hoja ya pili ni kwamba fundi wa nguzo amefundishwa kuupima waya na kuufunga na ardhi kabla ya kuushika. Na hili ni kweli. Ila tahadhari yake ni ngao yake yeye, si ruhusa yangu mimi. Mtu akivaa kofia ya chuma, hatupati haki ya kumrushia mawe.

Plato, mwanafalsafa wa Uyunani, alisimulia katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri habari za mchungaji wa Lidia aliyepata pete. Akiigeuza kidoleni, haonekani. Kwa pete hiyo akamwua mfalme akatwaa ufalme. Swali likawa, nani atatenda haki ikiwa haonekani? Katika zama zetu naona swali limepinduka. Mwenye jenereta anaonekana na kila mtu, hata husalimiwa; asiyeonekana ni yule atakayedhurika. Wala mkosaji wetu hana nia mbaya kama mchungaji yule. Anataka tu mwanga na kazi isisimame. Ndiyo sababu kisa chake ni kigumu kuliko cha pete.

Itasemwa kuwa hatuwezi kuwajibika kwa watu tusiowajua. Lakini kwa njia ya waya huo huo tumepokea kazi ya watu tusiowajua. Mito ya mlima wetu huteremka hadi Tana, na huko mabwawa yalijengwa, Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Waliochimba na kumimina zege hawakumjua bibi wa Kianjokoma.

Haki yenyewe haina gharama ya kutisha. Jenereta ikae nje, mbali na milango na madirisha, chini ya kibanda kilicho wazi pande zote. Vifaa vichomekwe katika jenereta yenyewe kwa waya wake. Atakaye kuwasha nyumba nzima, na aite fundi mwenye leseni afunge swichi ya kubadilishia njia, ambayo haiwezi kuunganisha jenereta bila ya kwanza kuitenga nyumba na nguzo. Bei yake ni ndogo kuliko ya mlango wa mbele. Nyumba itakapokwisha, wageni watausifu mlango. Swichi iliyo ukutani nyuma yake hapana atakayeiuliza.