Kina cha Picha na Ushahidi wa Macho Mawili

Suala la ukweli wa picha za stereo si la kiufundi pekee. Ni la kimaadili pia. Mwaka 1838 Charles Wheatstone alionyesha kuwa kina huonekana kwa kuwa macho mawili, yaliyoachana kwa takribani milimita 63, hutazama kitu kutoka pembe mbili. Kamera ya filamu yenye lenzi mbili iliitii kanuni hiyo kwa kunasa picha zote mbili kwa wakati mmoja. Anayeisogeza kamera moja ya dijitali kutoka kushoto hadi kulia hukabiliwa na tatizo: ng'ombe wa Rapsu, Isiolo, waelekeao majini, watakuwa wamekwisha kusogea. Kamera mbili zinazofyatuliwa pamoja huliondoa tatizo hilo. Programu ya kompyuta, kwa upande wake, huweza kuibuni picha ya pili kutokana na ya kwanza. Hapo ndipo hoja ya maadili inapojitokeza. Katika usimulizi, shahidi wa pili anayerudia maneno ya wa kwanza haongezi ushahidi. Hivyo basi, kosa haliko katika kukikokotoa kina, bali katika kuficha kwamba kimekokotolewa. Mtazamaji asiyepata kufika Rapsu anastahili kujua lipi lilionwa na lipi lilikisiwa.