Itikafu na Haki za Walio Nje ya Mlango

Miongoni mwa maswali ambayo elimu ya maadili ya dini haiwezi kuyakwepa ni lile linalouliza ni kiasi gani cha nafsi yake mtu anaruhusiwa kukitoa kwa jambo moja. Mja ana deni kwa Mola wake, kwa mwili wake, kwa mke au mume, kwa watoto na wazazi, kwa jirani na kwa mgonjwa wa mtaani, na madeni yote hayo yanadaiwa siku ileile. Hata hivyo, kila aliyewahi kushika kazi yenye uzito, iwe ni kuhifadhi Qur'ani, kutunga kitabu au kuitengeneza roho iliyoharibika, anajua kwamba kazi ya namna hiyo haikubali kupewa mabaki ya siku, yaani zile dakika zinazosalia baada ya kila mwingine kuchukua chake. Akiitimiza kazi, atakuwa amewanyima wenziwe. Akiwatimizia wenziwe, kazi itabaki nusu. Wapo waliolijibu swali hili kwa kuusifu moyo wa kujitolea bila kipimo, na wapo walioona kwamba kila ushupavu wa jambo moja ni maradhi. Sharia ya Kiislamu ina ibada moja ambayo, ikisomwa kwa makini, inatoa jibu lililo bora kuliko yote mawili.

Ibada hiyo ni itikafu, ambayo mafakihi, yaani wanazuoni wa sharia, wanaieleza kuwa ni kukaa msikitini kwa nia maalumu ya kujikurubisha kwa Mwenyezi Mungu. Inaweza kufanywa wakati wowote wa mwaka, lakini iliyosisitizwa zaidi ni ile ya siku 10 za mwisho za Ramadhani, ambapo katika misikiti mingi ya mwambao wa Afrika Mashariki huonekana watu wakiingia na mkeka, mto na msahafu, kisha wasirudi nyumbani hadi mwezi wa Shawwal uandame. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hiyo, nguzo zake ni 4: nia, kukaa, msikiti, na mtu mwenyewe anayekaa. Qur'ani inaitaja katika sura ya Al-Baqara, aya ya 187, na inafaa kuangaliwa inaitaja mahali gani, kwa kuwa aya hiyohiyo inayowahalalishia mume na mke kukutana katika usiku wa Ramadhani ndiyo inayowakataza kukutana maadamu mmoja wao yumo katika itikafu. Ndoa na faragha vimewekwa pamoja katika sentensi zinazofuatana, na mpaka kati yake umechorwa hapo hapo.

Anayevifungua vitabu vya fiqhi kwa kutarajia kuelezwa namna ya kukaza fikra ndani ya msikiti atashangaa, kwa sababu sehemu kubwa ya mlango wa itikafu inazungumzia kutoka. Mafakihi wanajadili ni haja gani zinazomruhusu mtu aliyeweka nadhiri, yaani aliyejilazimisha mwenyewe kwa kumwahidi Mungu, kuuvuka mlango bila kuukata mfululizo wa siku zake: kwenda haja, kuoga janaba, kula ikiwa anaona haya kula mbele za watu. Wanauliza pia akitoka apite njia gani, na je, asimame njiani. Bibi Aisha ameeleza kwamba alipokuwa akimpitia mgonjwa nyumbani akiwa katika itikafu, aliuliza hali yake huku akiendelea na mwendo, bila kusimama. Ameeleza pia jambo ambalo linastahili kutazamwa kwa karibu: Mtume Muhammad (s.a.w.), akiwa katika itikafu, alikuwa akikitoa kichwa chake msikitini na kukiingiza katika chumba cha mkewe kilichopakana na msikiti huo, naye Aisha, aliyekuwa katika siku zake na kwa hivyo hakuweza kuingia msikitini, akamchana nywele. Mwili umebaki ndani, kichwa kimevuka kizingiti, na mkono wa mke unafanya kazi ya kila siku. Faragha hiyo ilikuwa kamili, na bado ilikuwa na nafasi ya kitana.

Kanuni hizi za kutoka zisidhaniwe kuwa ni ukarimu wa sharia kwa watu dhaifu, kwa kuwa ndizo zinazoifanya itikafu iwezekane. Mtu anapoahidi siku 10, anajua ni nini anakiacha, kwa muda gani, na ni kwa sababu gani atakuwa na haki ya kunyanyuka. Kwa kujua hivyo, hana haja ya kulijadili jambo hilo upya kila saa. Asiye na mpaka, kinyume chake, hutumia nusu ya nguvu zake kujiuliza iwapo ameshatoa vya kutosha, na kila anapoitwa huanza kesi mpya ndani ya nafsi yake. Madhehebu ya Shafi yanamruhusu hata anayeweka nadhiri kujiwekea sharti tangu mwanzo, kwa mfano kwamba atatoka kumzuru mgonjwa, na sharti hilo likishatamkwa, kutoka kwake hakuivunji ahadi, kwani kumo ndani ya ahadi yenyewe. Hapa pana hekima ambayo watu wanaojifungia kwa ajili ya kazi kubwa za kidunia wangeihitaji sana, nayo ni kwamba wakati wa kufikiria haki za wengine ni kabla ya kuingia, akili ikiwa bado imetulia na moyo haujashikwa na utamu wa kazi.

Kuhusu urefu wa muda, liko jambo jingine la kuzingatiwa. Siku 10 hizo zinatafuta usiku mmoja tu, Laylatul Qadri, usiku wa cheo, ambao Qur'ani inautaja kuwa bora kuliko miezi 1,000, na ambao tarehe yake imefichwa. Abu Said al-Khudri amesimulia kwamba Mtume alikaa itikafu katika kumi la kwanza la Ramadhani, kisha katika kumi la kati, na ndipo akafahamishwa kuwa anachokitafuta kimo katika kumi la mwisho. Akawaambia wenziwe kwamba ameota anasujudu katika maji na udongo. Usiku ule wa 21 mvua ikanyesha, paa la msikiti, lililokuwa la makuti ya mtende, likavuja, na asubuhi Abu Said akaona alama ya maji na udongo katika paji la uso wa Mtume. Kisa hiki kinawafundisha wenye haraka jambo zito, kwani Mtume mwenyewe alikaa siku 20 kabla ya kufahamishwa, na katika simulizi hii hakuna neno linaloonyesha kwamba siku hizo zilihesabiwa kuwa zimepotea. Kujitoa kikamilifu hakumhakikishii mtu kukipata anachokitafuta. Kunamweka tu mahali ambapo kikija hakitamkosa.

Nia nayo inaweza kuharibika katikati ya njia. Imepokewa kwamba mwaka mmoja Bibi Aisha aliomba ruhusa ya kukaa itikafu akapigiwa hema msikitini, kisha Bibi Hafsa naye akafanya vivyo, na Bibi Zaynab alipoona akaweka la kwake. Mtume alipoyaona mahema asubuhi aliuliza iwapo kweli wema ndio uliokusudiwa, akaamuru hema lake mwenyewe liondolewe, akaiacha itikafu Ramadhani hiyo, na akaja kukaa siku 10 katika Shawwal. Wanazuoni wametaja sababu kadhaa, mojawapo ikiwa ni kuchelea kwamba mashindano yameingia mahali pa ibada. Linalostahili kuangaliwa ni ujasiri wa kuahirisha, kwa maana wengi wakishatangaza kwamba wamejifunga na kazi fulani huona aibu kusimama hata pale wanapojua kwamba kinachowasukuma sasa ni macho ya watu.

Ubaya wa kutosimama umeelezwa waziwazi katika hadithi ya Juraij, mcha Mungu wa Bani Israili aliyejijengea mahali pa upweke pa kuswalia. Mama yake alimjia akamwita naye yumo katika sala. Akajiuliza moyoni amjibu mama au aendelee na Mola wake, akachagua kuendelea, na ikawa hivyo mara 3 kwa siku 3, mpaka mama akamwombea dua mbaya ambayo ikamfika. Miongoni mwa waliosherehesha hadithi hii, Imamu Nawawi amebainisha kwamba lililompasa Juraij lilikuwa kumwitikia mamaye, kwa sababu sala ile ilikuwa ya sunna, hali ya kuwa kumwitikia mzazi ni wajibu. Kosa lake halikuwa uvivu wala unafiki. Alikuwa mkweli katika ibada yake, na ukweli huo ndio uliomziba masikio.

Mfano mgumu kuliko yote hiyo ni wa Abu Hamid al-Ghazali, kwa sababu yeye alijifunga na jambo lisilo na tarehe ya mwisho. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiyya mjini Baghdad, akifundisha wanafunzi 300, na katika kitabu chake cha Al-Munqidh ameeleza kwamba alipoichunguza nia yake ya kufundisha aliiona imechanganyika na kutaka jaha na sifa. Kwa miezi karibu 6 alisitasita, leo akiazimia kuondoka na kesho akivunja azma, mpaka ulimi wake ukafungika asiweze kutoa somo, chakula kikawa hakipiti, na matabibu wakakata tamaa. Ndipo akaondoka kwenda Sham, ambako alikaa takriban miaka 2, akipanda mnara wa msikiti wa Damascus na kujifungia mlango mchana kutwa. Akaenda Baytul Maqdis, kisha Hija.

Katika simulizi hiyo ya kiroho ameingiza habari ya fedha. Kabla ya kuondoka aligawa mali yake, akabakisha kiasi cha kumtosha yeye na cha kuwalisha watoto. Hapo alifanya lile ambalo fiqhi ya itikafu inalitaka, yaani kuzipanga haki za wengine kabla ya kuingia. Lakini anasema pia, kwa unyofu unaomheshimisha, kwamba baadaye miito ya watoto ilimvuta kurudi kwao, naye alikuwa mtu asiyefikiria kabisa kurudi, na kwamba mambo ya familia na mahitaji ya maisha yaliuvuruga usafi wa upweke wake, akawa anaupata kwa vipindi tu. Wasomaji wengi hupita sehemu hiyo kana kwamba ni kuteremka kutoka kileleni. Inastahiki kusomwa kinyume, kwa sababu watoto wale walikuwa wameachiwa chakula na bado walikuwa na la kudai: haki ya mtoto kwa mzazi wake haimaliziki kwa posho, na alipoitwa, Ghazali alifanya lile ambalo Juraij hakulifanya. Upweke uliokatwakatwa ulidumu, kwa hesabu yake, miaka 10, na mwaka 1106 alirudi kufundisha, safari hii Nishapur, akisema kwamba anarudi kwenye kazi ileile kwa nia nyingine. Ihya Ulumuddin, kitabu chake kikuu, kilizaliwa katika miaka hiyo.

Kwa hiyo kazi isiyojulikana mwisho wake haikosi mpaka. Mpaka wake unawekwa na wenye haki badala ya kalenda, na sharti lake ni kwamba sauti zao ziweze kumfikia aliyejifungia. Isitoshe, si kila kazi kubwa inahitaji mlango kufungwa. Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Unguja, ambaye tafsiri yake kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1969, aliifanya kwa miaka mingi huku akiwa mwalimu na baadaye kadhi, akiwa katikati ya wanafunzi na watu wenye mashauri. Kazi za namna hii zinakua kwa kurudiwa kila siku. Kujifungia kunafaa pale ambapo kitu kinachotafutwa kinapotea kila mtu anapogeuka, kama ilivyo toba, au kama ulivyo ule ufahamu ambao sehemu zake zote lazima zishikwe akilini kwa pamoja.

Limebaki suala ambalo mafakihi wamelitazama kwa upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Wamesema kwamba mke hakai itikafu bila idhini ya mumewe, kwa sababu mume ana haki kwake. Lakini mume anapochukua mkeka wake kwenda msikitini kwa siku 10, vitabu havimtaki apate idhini ya mke kwa namna hiyohiyo, ingawa ni mke atakayebaki na watoto, mgonjwa wa nyumbani, nguo za sikukuu na sinia la futari litakalopelekwa msikitini kila magharibi. Sharia inaweza kunyamaza mahali ambapo uadilifu hauwezi kunyamaza. Anas bin Malik amesimulia kwamba katika safari moja ya siku ya joto kali, baadhi ya masahaba walikuwa wamefunga na baadhi hawakufunga. Waliofunga wakaishiwa nguvu wakaanguka, na wasiofunga wakasimama, wakapiga mahema na kuwanywesha wanyama, na Mtume akasema kwamba siku hiyo wasiofunga ndio walioondoka na malipo. Hadithi hiyo haikutamkwa kuhusu itikafu, lakini ni vigumu kuona kwa nini isimhusu aliye jikoni wakati wa futari, na kwa nini mwanamume aliyeweza kuziandaa siku zake 10 hadi kwenye mto wa kulalia asiweze kukaa na mkewe mwishoni mwa Shaaban wakakubaliana nani atabeba lipi, ni jambo gani likitokea atamwita, na mwaka ujao ni zamu ya nani kwenda.