Harufu ya Lami

Nimefundisha madrasa hapa Tanga kwa miaka 31, na aya ya 50 ya Surat Ibrahim nimeipita mara nyingi bila kusita: wakosefu watavishwa nguo za lami. Mwaka jana nilipoifikia, mtoto mmoja wa nyuma alimnong'oneza mwenzake, kicheko kikatambaa mkekani, na wasichana wawili wakajisogeza mbali na mjukuu wangu. Alikuwa ananuka lami. Ana pumu ya ngozi tangu utotoni, na wiki ile daktari alikuwa amempa marhamu ya lami ya makaa ya mawe, apakwe kila usiku kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Anaoga, anasugua, harufu inabaki, ile ile ya barabara inayotengenezwa juani.

Usiku ule nilipokuwa nampaka aliniuliza, "Bibi, hii dawa ni ya motoni?"

Sikumjibu. Nilikuwa na hofu yangu mwenyewe. Alipokuwa na miaka mitano nilimnunulia krimu sokoni. Ni mimi niliyeinunua, mama yake alikuwa safarini. Kopo halikuwa na maandishi ya maana. Mwasho ulitulia siku ya tatu, nikamhimidi Mola. Miezi ikapita, ngozi ya mapaja ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, ikaingia michirizi ambayo mpaka leo haijatoka. Daktari alipoitazama alisema hizo ni alama za steroidi kali iliyopakwa muda mrefu, jamii ya dawa ambayo watu huichanganya kwenye mkorogo wa kujichubua. Na mkorogo nimeukemea miaka yote kwa aya ya 119 ya Surat An-Nisaa, pale shetani anapoapa kwamba atawaamrisha watu wabadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Kumbe mwenyewe nimempaka mtoto kitu cha ukoo ule ule. Sasa na lami je? Nayo si inabadili ngozi?

Nilirudi kwa daktari na swali hilo, naye hakulicheka. Alinieleza kuhusu protini iitwayo filagrini. Nimekulia kwenye nyumba ya kusokota kamba za makumbi, kwa hiyo nilimwelewa upesi: ndani ya chembe za ngozi mna nyuzi nyembamba za keratini, na filagrini inazikusanya pamoja kama mkono wa mama yangu ulivyokusanya usumba kabla ya kuusokota. Ikishamaliza, yenyewe inavunjwavunjwa, na vipande vyake vinashika maji juu ya ngozi isikauke. Isipotosha, maji yanatoka, vumbi na vijidudu vinaingia, mtoto anajikuna mpaka damu. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskochi, walionyesha kwamba wapo watu wanaorithi kasoro kwenye jeni ya filagrini. Kasoro zile zinazojulikana sana Ulaya ni nadra kwa Waafrika waliochunguzwa, lakini uvimbe wenyewe wa pumu ya ngozi unaweza kuizima jeni iliyo nzima.

Lami inaingilia hapo. Imepakwa kwenye ngozi za wagonjwa kwa zaidi ya miaka 100, na mwaka 1925 daktari Goeckerman wa Marekani aliiunganisha na mwanga wa urujuanimno kutibu soriasisi, pasipo mtu kujua inafanyaje kazi. Mwaka 2013 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walionyesha kwamba kemikali za lami zinashika kipokezi fulani ndani ya chembe, kipokezi kinaingia kwenye kiini, na jeni ya filagrini inaanza tena kusomwa. Protini inayoongezeka inatengenezwa na ngozi yenyewe. Lami haiileti.

Kisha daktari akaniambia jambo lililoninyima usingizi. Kipokezi hicho hicho ndicho kinachoshikwa na dioksini, sumu iliyouharibu uso wa Viktor Yushchenko, mgombea urais wa Ukraine, mwaka 2004.

Nilipomweleza hofu hiyo, ustadhi mwenzangu alinikatia shauri kwa neno moja: dawa ni halali, usijisumbue. Hukumu yake naikubali, ila haikunitosha, maana lile kopo la sokoni nalo liliitwa dawa. Nilichotaka kujua ni maumbile ni kitu gani hasa. Ngozi ya juu ya mjukuu wangu leo siyo ya miezi miwili iliyopita. Ile imeshapukutika, Mola ameshaumba nyingine chini yake. Basi kinachodumu ni ile kazi ya kujijenga aliyoiamrisha humo ndani. Zebaki na haidrokwinoni za mkorogo huizuia ngozi kutengeneza rangi iliyopewa itengeneze. Steroidi inayopakwa ovyo huizuia kujijenga. Sisemi steroidi ni haramu. Daktari huyu huyu humpa mjukuu wangu ile hafifu, siku chache, kwa kipimo. Lakini kitu kinachoikumbusha ngozi kazi yake siwezi kukiita kubadili maumbile, hata kama kinanuka.

Nikarudi kwenye tafsiri. Ibn Kathir, akiieleza aya ile ya lami, anasema ndicho kitu wanachopakwa ngamia. Waarabu waliwapaka lami ngamia wenye upele. Lami yao ilitoka kwenye miti, hii yetu ni ya makaa ya mawe, lakini waliosikia aya ile kwa mara ya kwanza waliijua kama dawa ya mifugo yao. Tena Mtume, rehma na amani zimshukie, aliwaruhusu maswahaba wake Zubeir na Abdurrahman bin Auf kuvaa hariri kwa ajili ya mwasho, hariri ambayo wanaume wamekatazwa. Mwasho ulizingatiwa.

Jumamosi iliyofuata niliisomesha tena aya ya 50, nikawaeleza watoto habari ya ngamia, nikajipaka marhamu ile mkononi mwangu, nikaketi nao mpaka adhana ya magharibi. Walimu wenzangu, mkiifikia aya hiyo, tazameni kwanza ni nani amekaa peke yake mkekani, kisha mwiteni aje akae karibu nanyi.