Mkesha wa Watakatifu Wote na Kibuyu cha Maji



Mwaka jana, mwisho wa Oktoba, wazee wa usharika mmoja upande huu wa Kongwa waliniletea neno zito. Mama mmoja mjane alionekana alfajiri akimimina maji juu ya kaburi la mumewe. Wazee walitaka atengwe na Meza ya Bwana, kwa kuwa, walisema, ameitambikia mizimu. Katika juma lilo hilo mwana wa mmoja wao alirudi kutoka Dodoma mjini, akatuonyesha katika simu picha yake: amejifanya fuvu la mtu, na rangi nyekundu kama damu yamtiririka kidevuni, kwa ajili ya sherehe iitwayo Halloween. Wazee walicheka. Hakuna aliyenena habari ya kumtenga yeye. Tangu hapo nimejiuliza, ni nani kati ya hao wawili aliyekosa zaidi?

Kwanza na tuijue sikukuu yenyewe. Asili yake hasa ni nchi ya Ayalandi. Watu wa kale wa huko walikuwa wafugaji, kama baba zetu wa Ugogo. Wakati wa joto walipandisha ng'ombe malishoni milimani. Baridi ilipokaribia waliwateremsha nyumbani. Mwanzo wa Novemba, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, walifanya sikukuu iitwayo Samhain. Waliwasha mioto mikubwa, nao walisadiki ya kwamba usiku ule mlango kati ya walio hai na wafu wafunguka. Wazee waliokufa waliwekewa chakula. Na kwa kuwa si kila mzimu una nia njema, watu walijifunika nyuso wasitambuliwe. Mgogo akisikia hayo hashangai.

Mwaka 835, katika milki ya Wafranki, siku ya Watakatifu Wote iliwekwa tarehe 1 Novemba, na baadaye siku iliyofuata ikawa ya kuwaombea wafu wote. Jina Halloween maana yake ni mkesha wa watakatifu tu. Katika Ayalandi na Uingereza maskini walikwenda mlango kwa mlango wakipewa mikate midogo, nao wakawaombea wafu wa nyumba ile. Watoto waombao peremende leo wamefuata nyayo hizo pasipo kujua. Taa zilichongwa katika mizizi minene ya bustanini. Kisha ikaja njaa kuu ya miaka ya 1845 hata 1852, viazi vilipooza mashambani. Wakafa watu kama milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakakimbia, wengi wao kwenda Marekani. Huko waliona boga, ambalo ni kubwa na jepesi kuchonga. (Hata boga letu, ambalo majani yake twayapika mboga, asili yake ni bara lile lile.)

Basi usiku huo huo, tarehe 31 Oktoba 1517, sisi Walutheri twaukumbuka kwa jambo lingine, wala hilo si bahati tu. Kanisa la ngome ya Wittenberg liliitwa kwa jina la Watakatifu Wote, na kesho yake watu wengi wangefika kutazama masalio ya watakatifu na kupata msamaha wa adhabu za dhambi. Katika nchi za jirani Tetzel alikuwa akiuza hati za msamaha, hata kwa ajili ya wafu walio toharani. Mtu maskini aliyempenda mama yake aliyekufa alifungua mfuko. Luther alimwandikia Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz akiwakemea wauzaji. Aliyelia kwa ajili ya mama yake hakumwita mpagani. Alimhurumia kwa kuwa amedanganywa.

Hapo ndipo nilipoona ya kuwa tulikuwa tumehukumu kabla ya kuuliza. Kutambika kwa hofu, mtu akiambiwa na mganga achinje ng'ombe wake wa mwisho ili marehemu asimdhuru, ni utumwa, nami nitaukataza maadamu ni hai. Lakini je, yule mama alikuwa na hofu? Nilikwenda kwake.

Aliniambia, "Baba Mchungaji, siku ile kisima kilikuwa mbali na foleni ilikuwa ndefu. Aliniomba maji. Niliporudi alikuwa amekwisha kufa."

Nilimweleza ya kwamba wafu wako mikononi mwa Mungu, wala hawana kiu tena. Akasema, "Najua. Ni mimi niliye na kiu ya kumpa."

Nikatafuta jibu katika yote niliyofundishwa chuoni, nisilione. Ama yule kijana, simwiti mwabudu mizimu. Hakumwogopa mfu, wala hakumkumbuka mfu hata mmoja. Hilo lanisumbua kuliko rangi ya damu.

Niliwaomba wazee waahirishe neno la kutenga. Tarehe 1 Novemba twalikwenda makaburini pamoja, na majembe, tukafyeka magugu. Kijana naye alikuja, kwa kuwa baba yake alimlazimisha. Mama alikuja na kibuyu chake kimejaa. Wazee wakanitazama mimi. Nikafungua Zaburi, nikaanza kusoma.